Malkia Ndani ya Karatasi Nyekundu

Jumanne, tarehe nane Aprili 2003. Hiyo ndiyo siku kila kitu kiliharibika.

Mchana huo River Road ilikuwa imefurika watu, mikokoteni na kelele za mashine zinazochapisha kadi za harusi. Zedekiah alisimama mbele ya duka la hadweya akijifanya anachagua kufuli. Ndani ya koti, bastola yake aina ya Ceska ilikuwa imemkalia ubavuni. Sikioni alikuwa na waya wa redio ya Motorola.

"Zede, nimemwona."

Ilikuwa sauti ya Lornah, mwenzake wa kazi. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za lojing'i ya bei rahisi.

"Amevaa nini?"

"Koti la kaki. Karanja, mlinzi wake, yuko nyuma yake."

"Usimkaribie."

"Si mimi ninayemkaribia. Ni yeye anakuja."

"Lornah, toka hapo."

"Anatabasamu, Zede. Anajua..."

Mkwaruzo.

Kimya.

Zedekiah aliangusha kufuli akakimbia. Mkokoteni wa viazi ulimziba njia, akaupanda, akaanguka upande wa pili, akainuka. Alipofika kwenye ngazi alikuta kiatu kimoja cha mwanamke na Motorola iliyokanyagwa. Pikapu nyeupe, Toyota Hilux, ilikuwa inapinda kona. Namba yake ilikuwa imepakwa matope.

Matope! Na Nairobi haijaona mvua tangu Januari.

"Mmeona wameenda wapi?" aliuliza.

Watu wote walikuwa wameona. Hakuna aliyeona.

 Alikuwa amepigwa risasi mara mbili katika kazi hii, na hakuwahi kuogopa kama leo. 

Aliyekuwa amemchukua Lornah ni mzungu aitwaye Hartog. Idara yao ya upelelezi ilikuwa imemtuma Lornah kwake akijiita Becky, karani mpweke anayetaka kujifunza kufuga sisimizi. Ofisini watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kufuga sisimizi! Lakini kuna watu wanafuga. Wanamtafuta malkia mchanga siku ya mvua ya kwanza, akishatua na kuvua mabawa. Wanamtia ndani ya kichupa cha maabara chenye maji upande mmoja, pamba ya kuzuia maji, na giza. Humo anataga. Ukiwa na subira, unapata jeshi zima kutoka kwa mama mmoja.

Hartog alikuwa akikusanya malkia wa Kenya na kuwapeleka ng'ambo wamefichwa ndani ya soksi. Huo ni wizi, lakini sio uliomnyima Lornah usingizi.

Lornah aligundua kwamba Hartog alikuwa pia ameleta mmoja. Malkia mgeni, wa bara lingine, mdogo kuliko punje ya mchele. Kizazi chake huchimbua mbegu kabla hazijaota. Huuma vifaranga macho mpaka wafe. Huingia kwenye masanduku ya stima nyumba ikaungua. Hartog angemwachilia karibu na uwanja wa maonyesho pale Jamhuri, mvua ya kwanza ikinyesha, siku ambayo malkia wa kila aina wanatua na hakuna anayeangalia. Wakulima wakianza kulia, kampuni fulani ingekuwa na dawa tayari. Na mahali fulani serikalini kungekuwa na mkubwa tayari kuinunua.

Hartog alikuwa anangoja mvua tu. Ikinyesha angemaliza kazi yake na kupanda ndege. Mtu kama huyo haachi shahidi nyuma.

Mvua ikinyesha, Lornah amekwisha.

Zedekiah alitazama juu. Upande wa Ngong, wingu lilikuwa limesimama jeusi kama sufuria ya matanga.

*

Mzee Kibe, mkuu wake, alikuwa anakunywa chai na keki.

"Kaa chini, Zedekiah."

"Sikai. Wamemchukua Lornah."

"Nimesikia."

"Nipe gari na watu."

Kibe aliangalia dirisha. Mkubwa akitaka kukunyima kitu, huangalia dirisha. Alipanguza mdomo.

"Hiyo kesi imefungwa."

"Imefungwa lini?"

"Leo. Juu wamesema ni mambo ya wadudu, tusiaibishe nchi kwa wafadhili."

"Juu nani?"

"Juu ni juu, kijana."

"Na Lornah?"

"Ni mtu mzima. Alijua kazi ni kazi."

Wakubwa ndivyo walivyo. Ukiwa hai hawakutambui ukipita kwenye korido. Ukifa wanatuma dereva na shada la maua, na dereva mwenyewe hajui jina la marehemu.

Zedekiah alitoka bila kufunga mlango.

*

Nyumba ya Lornah ilikuwa Parklands, orofa ya juu, karibu na hekalu. Zedekiah alifungua kwa waya. Ndani kulikuwa kumetulia. Leso ilikuwa imetupwa kwenye kiti. Kikombe kilikuwa na rangi ya mdomo ukingoni. Mtu akikosekana, vyombo vyake ndivyo vinavyokupiga.

Alijua cha kutafuta. Siku nyingi za kukaa ndani ya gari wakivizia, Lornah alikuwa akimfundisha hata bila kuombwa.

"Zede, malkia mdogo ni mgumu kumjua. Usidanganywe na kichwa kikubwa, huyo ni askari tu. Usidanganywe na mabawa, dume pia anayo. Angalia mgongo. Malkia ana mgongo mnene, wa kubeba mabawa, hata akishayavua. Yanaacha kovu."

"Kwetu Mumias malkia ni yule mkubwa."

"Kwenu ni kumbikumbi hao! Hao ni mchwa. Usiniletee mambo ya kitoweo."

Alikipata kichupa cha Lornah cha kujifunzia kufuga kwenye droo, katikati ya sweta, kimefungwa karatasi nyekundu ya nailoni. Sisimizi haoni wekundu. Kwake huo ni giza. Zedekiah alikishika kama mtu anayeshika bomu. Ndani, mnyama mweusi mdogo alikuwa amejikunja juu ya mayai yake, mayai madogo kama chembe za sukari.

Alikumbuka jambo lingine. "Usimtikise, Zede. Usimchungulie kila saa. Huyo ni mzazi mpya. Akiogopa anakula watoto wake mwenyewe."

Alitoa Nokia yake akabonyeza namba ya Hartog, ambayo Lornah alikuwa amemkaririsha. Kidole kiliteleza kwa jasho.

"Halo. Nani?"

"Naitwa Odero, bwana. Ninaanza kufuga. Nimepata malkia mdogo sana, na sijui ni wa aina gani."

 Sauti ikabadilika, ikawa na njaa.

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Tumbo linang'aa."

"Mabawa iko?"

"Ameshavua."

"Wewe nafungua pamba kuangalia?"

"Hapana. Sijamsumbua."

"Mzuri. Watu ya hapa nafungua kila dakika kama sufuria. Leta yeye Jamhuri, nyumba iko na ua ya kayaba, karibu na uwanja ya maonyesho. Upesi. Mimi nasafiri leo."

Leo!

*

Peugeot 504 ya Zedekiah ilishuka Ngong Road ikikohoa. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya mabati ya Jamhuri. Upepo uliinua vumbi na makaratasi. Tone moja likapiga kioo.

Moja tu. Kisha hakuna.

Zedekiah aliacha Ceska chini ya kiti. Angepekuliwa, na bastola ingemuua Lornah kabla yake. Alitembea mpaka kwenye geti akiwa na kichupa mkononi, na kifuani alikuwa na moyo uliotaka kurudi kwenye gari.

Karanja alifungua. Alikuwa jitu lenye shingo fupi, na bastola imechomekwa kiunoni bila haya. Alimpapasa Zedekiah kwapa, mgongo, mpaka soksi.

"Niaje, Odero. Ndiyo hii umeleta?"

"Ndiyo hii."

"Si nyinyi watu wa ziwani huwa mnakula hizi?"

"Tunakula kumbikumbi. Huyu ni sisimizi."

"Zote ziko na miguu." Karanja alicheka peke yake. "Kwetu tunafagia. Mzungu analipia nyumba mzima juu ya kitu mama yangu anamwagia mafuta taa. Ingia."

Chumba kilikuwa na mapazia mazito na taa moja. Juu ya meza ndefu ya mbao vichupa vilikuwa vimelala safu moja, kila kimoja na karatasi yake nyekundu. Mwishoni mwa meza kulikuwa na thamosi ya chai na vikombe. Hartog aliinuka. Alikuwa mwembamba, na macho yake hayakupepesa.

Hakumsalimia. Alichukua kichupa, akakiweka chini ya lenzi, akatabasamu.

"Mzuri. Mzuri sana. Kweli wewe hapana sumbua yeye." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini mimi nataka jua kama wewe ni mfugaji kweli. Mwezi hii mimi napata mgeni mmoja ya uongo."

Alimimina sisimizi watatu waliokufa kwenye sahani nyeupe.

"Onyesha mimi malkia."

Karanja alisogea nyuma ya Zedekiah. Bastola ikatoka kiunoni. Sauti yake ikitoka kwenye ngozi ya mshipi ilikuwa ndogo sana, lakini Zedekiah aliisikia mpaka kwenye meno.

Wa kwanza alikuwa na kichwa kikubwa kama cha fahali. Wa pili alikuwa na mabawa marefu. Wa tatu alikuwa kadogo, hana kitu, kama uchafu wa kucha.

Kidole cha Zedekiah kilikwenda chenyewe kwa yule mkubwa. Utoto wake wote huko Mumias ulimwambia ni huyo. Kidole kilikuwa karibu kugusa sahani.

Angalia mgongo.

Aliinama. Kale kadogo kalikuwa na mgongo uliotuna, na pembeni mwa mgongo, kovu.

"Huyu."

Hartog alisukuma sahani kando. Karanja alipumua.

"Mzuri," alisema Hartog. "Kaa. Kunywa chai."

Zedekiah alikaa. Alijimiminia chai. Ilikuwa ya moto sana, inafuka. Ndipo aliposikia mtu akikohoa nyuma ya mlango wa ndani. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyezibwa mdomo.

Alikijua. Alikuwa amekisikia usiku mwingi ndani ya gari.

Yuko hai.

Radi ilipiga upande wa Dagoretti. Vichupa vikalia vikigusana. Hartog aliangalia dari, akapendezwa.

"Karanja. Gari tayari. Na ile kazi ya nyuma, maliza sasa."

"Sawa, bosi."

Karanja alielekea kwenye mlango wa ndani.

Zedekiah hakuwa na bastola. Hakuwa na redio. Idara ilikuwa inakula keki. Kati yake na mlango ule kulikuwa na hatua chache, na kati ya hatua hizo kulikuwa na mtu mwenye silaha.  Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya meza, na vidole vikaanza kugonga mbao.

Tap tap. Tap tap tap.

Ilikuwa hofu tu. Lakini vidole vikashika mdundo vinaoujua. Kwao, kichuguu kikiwa kimekomaa na mvua imechelewa, watu hawangoji. Wanatega shimo, wanafunika blanketi, wanachukua vijiti viwili na gogo, na wanagonga wakiimba. Kumbikumbi wanadhani mvua imefika. Wanatoka wenyewe.

Tap tap. Tap tap tap.

"Wacha hiyo," alisema Hartog.

Alisema kwa kukereka tu. Lakini macho yake yalikuwa yamekimbilia upande mmoja wa meza, yakarudi.

Zedekiah aliona.

Akachukua vijiko viwili. Akagonga kwa nguvu zaidi, akisogea kufuata meza. Vichupa vya kwanza vilitetemeka. Hartog alisaga meno. Vya katikati vikatetemeka, Hartog akainuka. Zedekiah alifika mwisho, karibu na thamosi, akapiga mbao kama anayeita kichuguu kizima cha Mumias.

"Wacha! Wacha, mjinga! Yeye nakula mayai!"

Na mkono wa mzungu ulikuwa umeruka, ukafunika kichupa kimoja. Kimoja tu kati ya vyote, kidogo kuliko vingine.

Karanja aligeuka akiwa ameshika kitasa.

Zedekiah alimpiga Hartog kijiko cha pua. Mkono ukainuka. Kichupa kikawa chake. Kwa mkono wa pili alifungua thamosi, mvuke ukapanda, akakining'iniza kichupa juu yake.

"Mtu asisogee!"

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Hata yeye aliisikia. Lakini hakuna aliyesogea.

"Wewe hapana jua nini iko ndani," alinong'ona Hartog. Damu ilikuwa inashuka kwenye mdomo wake na hakuipangusa.

"Wewe unajua. Inatosha. Mwambie Karanja amlete Lornah."

"Leta yeye," alisema Hartog.

Karanja alipiga teke mlango. Alirudi amemshika Lornah shingoni, mdomo umefungwa kwa kitambaa, mguu mmoja hauna kiatu. Mdomo wa bastola ulikuwa umezama kwenye sikio lake. Macho ya Lornah yalimkuta Zedekiah, kisha yakaenda kwenye kichupa, kisha kwenye thamosi. Akaelewa.

"Bosi, nimpige?" aliuliza Karanja.

"Hapana!"

"Huyu jamaa hana kitu mkononi."

"Weka bunduki chini!"

"Bosi, ni sisimizi tu!"

"Chini!"

Karanja alimtazama mzungu, akaitazama karatasi nyekundu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeajiriwa na wazimu. Aliinama. Bastola ikagusa sakafu.

Na mvua ikaanguka.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote mara moja juu ya mabati, kishindo kama lori linamwaga kokoto. Hartog aliinua uso kuelekea dari. Mvua yake. Mvua aliyoingoja.

Lornah alishusha kisigino chenye kiatu juu ya vidole vya Karanja.

Jitu likalia. Lornah akaanguka juu ya bastola, akabiringika, akafyatua. Taa ikapasuka. Karanja akavunja dirisha la nyuma kwa bega lake, akatoka mzimamzima, akajitupa juu ya ua wa kayaba.

Kayaba ni kayaba. Miiba yake haichagui jitu. Walimsikia akimwita mama yake kwa sauti iliyoshinda mvua.

Hartog alimrukia Zedekiah. Alikuwa mwembamba lakini kucha zake zilikuwa za mtu anayezama. Meza ikapinduka, lakini Zedekiah alikuwa ameikumbatia thamosi. Vidole vyake vikamshika Zedekiah koo.

"Nipe! Nipe yeye!"

Zedekiah alikiachia.

Kichupa kilizama ndani ya chai ya moto. Kioo kilipasuka kwa sauti ndogo. Alifunika kifuniko na kukaza, huku macho yake yakianza kuona giza.

Mikono ikalegea kooni. Hartog alikaa chini sakafuni akaanza kulia. Zedekiah alikuwa ameona watu wakilia juu ya jeneza la mtoto, na hawakulia hivyo.

Alimfunga mikono kwa mshipi wake kwenye mguu wa meza. Ndipo alipogundua suruali yake ilikuwa imelowa, na bado hakuwa ametoka nje kwenye mvua. Hakuona aibu. Wanaosema hawaogopi ni wale wanaokaa ofisini.

*

Lornah alivua kitambaa mdomoni, akatema, akavuta pazia ili mwanga uingie.

"Sasa, Zede."

"Poa."

"Umechelewa."

"Nilikuwa nanunua kufuli."

Lornah alitaka kucheka na mdomo uliopasuka ukamkataza. Alimwaga chai kwenye sahani nyeupe, polepole, akachukua lenzi. Mikono yake ilikuwa imara kuliko ya Zedekiah. Alisukuma kitu kidogo kwa ncha ya kijiko, akakigeuza.

"Ni yeye?"

"Ngoja."

Mvua ilipiga. 

"Mgongo. Kovu la mabawa, pande zote mbili. Na hii rangi si ya hapa." Aliinua kichwa. "Ni yeye. Amekufa."

Kisha alichunguza vichupa vingine vyote, kimoja baada ya kingine, bila haraka, akiwa amepiga magoti kwenye maji. Vyote vilikuwa na malkia wa Kenya. Alimrudisha mgeni aliyekufa ndani ya thamosi pamoja na chai yake, akafunga.

"Huyu asipewe mtu wa ofisi," alisema.

"Kwa nini?"

Lornah alimtazama Hartog aliyekuwa amelala kifudifudi. Akapunguza sauti.

"Zede, kwa huyu mimi nilikuwa Becky. Tangu siku ya kwanza. Becky wa Parklands, karani. Leo pale River Road Karanja alipofungua mlango wa pikapu hakuniita Becky."

"Alikuitaje?"

"'Lornah, panda. Usitusumbue.' Hivyo tu. Kama mtu anasoma majina kwenye roli koo ya ofisi."

Zedekiah alihisi baridi ambayo haikuwa ya mvua. Alikumbuka dakika ile juu ya thamosi. Alikuwa amesema aletwe Lornah, na mzungu hakuuliza Lornah ni nani.

Simu yake ilitetemeka. Kwenye kioo cha kijani kulikuwa na jina la Mzee Kibe.

Alimpa Lornah koti lake na funguo za Peugeot. "Washa gari. Ceska iko chini ya kiti. Ukiona mtu wa ofisi, usimpungie mkono." Kisha akachukua thamosi, akaiweka kwapani kama mtu anayepelekea mafundi chai, akatoka kwenye geti.

Mvua ilikuwa imejaza barabara. Kwenye maji ya kahawia, mabawa madogo yalikuwa yanaelea, mamia kwa mamia. Zedekiah alitembea juu yake bila haraka kuelekea Ngong Road. Simu ikatetemeka tena, akabonyeza kitufe.

"Zedekiah." Sauti ya Kibe ilikuwa ya juu kidogo kuliko kawaida. "Uko wapi?"

"Natembea, Mzee."

"Nimepigiwa simu na watu wakubwa. Wakubwa sana. Kama una kitu chochote kutoka nyumba hiyo, lete hapa ofisini sasa hivi. Kwangu mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na huyo msichana?"

"Yuko hai."

Kibe hakusema ashukuriwe Mungu.  Upande wake wa simu pia mvua ilikuwa inanyesha. Zedekiah aliisikia ikipiga dirisha lile.

"Mzee," alisema Zedekiah, akisogeza thamosi kwapani na kuendelea na mwendo wake uleule, "huyo mzungu alimjua Becky peke yake. Jina la Lornah alipewa na nani?"